Pabu kongwe ya Uingereza: jinsi ya kulisoma jengo lake, kuanzia lango la farasi mpaka chumba cha mapipa

Mtu akifika mji wa zamani wa Uingereza akaiona pabu, yaani baa ya Kiingereza, yenye mwaka umeandikwa juu ya mlango, mara nyingi atapiga picha, atauamini ule mwaka, ataondoka zake. Shida ni kwamba jengo lenyewe halina mwaka mmoja. Ukuta wa mbele unaweza kuwa wa miaka ya 1700, mbao zilizojificha nyuma ya huo ukuta ni za miaka ya 1500, kaunta ni ya 1890 na kitu, na vyumba vya ndani vilishabomolewa na kuunganishwa miaka ya 1960, halafu vyote vimesimama pamoja kama kitu kimoja na mgeni hana habari.

Sasa mimi ninavyoona, karibu kila kitu kinachoshangaza pale, lile lango kubwa, milango mingi mingi, vioo visivyoonyesha ndani, mfuniko wa mbao kwenye njia ya waenda kwa miguu, hakikuanza kama urembo. Kilianza kwa sababu ya farasi, au kodi, au mahakimu wa leseni, au bia inayoharibika na joto, na ukishaijua sababu jengo linasomeka lenyewe. Na hata kama hunywi kabisa haidhuru, wengi wetu hatunywi, siku hizi pabu nyingi zinauza chakula na chai na hakuna atakayekufukuza kwa kutazama dari.

Kwanza tutenganishe mambo, maana hapa ndo watu wengi huanza kuchanganya. Zamani Uingereza kulikuwa na nyumba za aina tatu. Kulikuwa na gesti, yaani sehemu ya msafiri kulala, kula na kuweka farasi wake. Kulikuwa na taverni, hiyo ya mvinyo, ya wenye nazo mjini. Halafu kulikuwa na nyumba ya bia tu, ambayo ilikuwa nyumba ya mtu ya kawaida kabisa, mara nyingi mama mwenyewe anapika bia jikoni na kuwauzia majirani hapo hapo sebuleni. Hii ya tatu haikuwa na ramani yake wala umbo lake, ilikuwa nyumba kama nyumba, ndo maana mpaka leo kuna pabu ndogo ukiingia unahisi umeingia sebuleni kwa watu. Ile ya kwanza, gesti, ndo ilijengwa makusudi kwa kazi yake, tena kubwa, na ndo yenye mengi ya kutazama.

Mfano mzuri ni George Inn, Southwark, kusini mwa mto Thames, hatua chache kutoka London Bridge. Kwa karne nyingi hilo daraja ndo lilikuwa njia ya nchi kavu ya kuingia jiji la London ukitokea kusini, na usiku malango yake yalikuwa yanafungwa, kwahiyo aliyechelewa alilala Southwark atake asitake, na ile barabara ikajaa gesti moja baada ya nyingine. Mwaka 1676 moto mkubwa uliunguza Southwark na George ikaungua nao, ikajengwa upya 1677, na hilo jengo la 1677 ndo lipo mpaka leo, au tuseme kipande chake.

Kitu cha kwanza cha kuangalia ni kwamba jengo halijaikalia barabara, limeingia ndani. Viwanja vya miji ya zamani ya Uingereza vilikatwa vyembamba kwa mbele na virefu sana kwa nyuma, kwasababu kila mfanyabiashara alitaka japo kipande kidogo cha kugusa barabara kuu. Sasa mwenye gesti ana kiwanja chembamba halafu anatakiwa alaze watu, aweke farasi, apaki mikokoteni na ahifadhi nyasi, atafanyaje? Anajenga mbele barabarani, anaacha lango la kupitisha gari la farasi, halafu anaendelea kujenga kurudi nyuma pande zote za ua, na mwisho kabisa anaweka mazizi. Ndo umbo lote hilo. Ukiona pabu ina lango refu pembeni au katikati, la juu kiasi cha kupita gari na mizigo yake, jua hapo palikuwa na ua na mazizi nyuma, hata kama leo chini ya lango wameweka meza za wateja na pipa la taka.

Ukishaingia uani pale George utaona korido za mbao za wazi zimepangana moja juu ya nyingine, zikitazama ua. Zinapendeza kweli, ila kazi yake ilikuwa ileile ya korido ya hoteli: milango ya vyumba vya kulala inafungukia pale nje, huhitaji kula nafasi ndani ya nyumba, na mgeni akiwa juu anaona farasi wake, gari lake na mzigo wake. Kabla London haijapata majumba ya maigizo, waigizaji walikuwa wanafunga jukwaa kwenye nyua za gesti za namna hii, watu wa kawaida wanasimama chini na wenye hela wanatazama kutoka juu kwenye korido. Chini, ile baa ya mbele ya George ilikuwa chumba cha abiria kusubiria magari, yaani ilikuwa stendi kabisa.

Zamani korido hizo zilizunguka ua pande tatu, leo umebaki upande mmoja wa kusini. Reli zilipoenea miaka ya 1830 na 1840 biashara ya magari ya farasi ilikufa haraka sana, gesti kubwa kubwa zikabaki na mazizi matupu, na George ikaishia kutumika kama depo ya mizigo ya kampuni ya reli ya Great Northern, ambayo mwaka 1889 ikavunja zile pande nyingine. Kilichobaki kilikabidhiwa National Trust, shirika la kutunza majengo ya kale, mwaka 1937, na ndo gesti pekee yenye korido kama zile iliyobaki London nzima. Inauma, maana barabara ile ilikuwa nazo nyingi. Ukitaka kuona ua uliozungukwa vizuri inabidi uende Gloucester kwenye New Inn, iliyojengwa na watawa wa abasia ya pale karibu mwaka 1450 kwa ajili ya mahujaji, jina lake ni "mpya" na ina miaka zaidi ya 500.

Tuje kwenye ngozi na mifupa. Mji wa Uingereza wa miaka ya 1400 mpaka 1600 na kitu ulijengwa kwa mbao ngumu za mti wa mwaloni (oak). Seremala alikuwa anachonga fremu nzima chini, kila kiungo kina ulimi wake na tundu lake, anaandika alama za namba za Kirumi kwenye maungio ili asichanganye, halafu wanaisimamisha na kuifunga kwa vigingi vya mbao bila msumari. Mwaloni ulitumika ukiwa mbichi, ukikauka unajikunja, na ndo maana sakafu na milango ya pabu hizi imekaa upande upande, fremu yenyewe ilijikaza ikatulia hivyo. Nafasi kati ya mbao zilijazwa fito zilizosukwa na udongo uliochanganywa na majani na samadi, juu yake lipu ya chokaa, na yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya miti na udongo kule kwetu pwani angeufahamu huo ukuta mara moja. Ghorofa ya juu mara nyingi imechomoza kuelekea barabarani kwa sababu magogo ya sakafu yamepitilizwa nje ya ukuta wa chini, unapata nafasi zaidi juu bila kununua ardhi, na unajionyesha pia.

Kama unataka kuona kujionyesha kulikopitiliza nenda Ludlow uitazame Feathers. Ilijengwa 1619 kama nyumba ya mwanasheria, ikaja kuwa gesti baadaye kwenye miaka ya 1670, na uso wake wa mbele umechongwa kila inchi, mbao zimepindwa maumbo ya almasi ambayo hayasaidii kubeba chochote. Mwaloni ulikuwa unapanda bei, kwahiyo kuutumia hovyo namna ile ilikuwa ni kuwaambia watu wa mji kwamba hela ipo.

Halafu fasheni ikabadilika. Kuanzia miaka ya 1700 mbao zikaonekana ni ushamba, kila mtu anataka tofali, mistari iliyonyooka, madirisha ya kupandisha yaliyolingana kulia na kushoto. Kubomoa gesti nzima ni gharama na biashara inasimama, kwahiyo wengi walifanya kitu rahisi zaidi, walijenga ukuta mpya wa tofali mbele tu na nyuma wakaacha vilevile. Mimi kwasababu hiyo huwa naanzia kwenye kichochoro cha pembeni. Ukisimama pale ukaona paa ni la mteremko mkali lililojificha nyuma ya ukuta wa mbele uliopandishwa juu, ukaona mbao zimechungulia kwenye ukuta wa ubavuni, dari ya ndani iko chini mpaka unainama wakati madirisha ya mbele ni marefu hayalingani na sakafu, basi hiyo ni nyumba ya zamani sana iliyovalishwa nguo ya tofali. Na hapo hapo niseme kuhusu madirisha yaliyozibwa, maana kila mtu utamsikia anasema ni kodi ya madirisha. Kodi ilikuwepo kweli, ilianza 1696 ikafutwa 1851, na watu waliziba madirisha kuikwepa, ila mengine yalijengwa yamezibwa tangu siku ya kwanza ili mbele pawe na ulinganifu tu. Ukiona lililozibwa liko sehemu ambayo nyuma yake kuna dohani, hilo halikuwahi kufunguka.

Kibao kinachoning'inia nje nacho kilikuwa sheria. Mwaka 1393, wakati wa mfalme Richard II, waliopika bia ya kuuza London walitakiwa watundike alama ili wakaguzi wa bia wajue pa kuingia, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma ikawa ni picha. Majina mengine ni siasa tupu, mfano Royal Oak ziko kila mji kwa sababu Charles II alijificha juu ya mti wa mwaloni mwaka 1651 baada ya kupigwa vitani Worcester.

Sasa tuingie ndani, na hapa ndo penye utata wa kweli. Watu wanadhani kaunta imekuwepo siku zote. Hapana. Kwa muda mrefu ulikuwa unakaa mezani, kijana anateremka kwenye chumba cha mapipa, anajaza jagi, anakuletea. Kilichobadilisha ni pampu. Mwaka 1797 fundi Joseph Bramah alipata hataza (haki ya mvumbuzi) ya pampu ya bia, mashine za namna hiyo zikaenea, na mhudumu akaweza kuvuta bia kutoka chini mpaka juu akiwa amesimama palepale. Ile mikono mirefu ya mbao unayoiona imejipanga kwenye kaunta ndo hiyo pampu mpaka leo, haisukumwi na gesi, ni pistoni na nguvu za baamedi. Kwahiyo kaunta ikapata pa kukaa, juu ya mapipa au karibu yake, na chumba kizima kikaanza kupangwa kuifuata.

Chumba cha mapipa kiko chini ya ardhi kwa sababu bia ya kwenye kasiki, yaani lile pipa lake, bado iko hai, hamira inaendelea kufanya kazi humo, na inataka ubaridi usiobadilika, nyuzi 11 mpaka 13 hivi, kiangazi na baridi. Kabla ya friji, ardhi tu ndo iliweza kukupa hiyo. Ndo sababu ya ule mfuniko wa milango miwili kwenye njia ya waenda kwa miguu, gari la bia linasimama, mfuniko unafunguliwa, pipa linateremshwa kwenye reli mbili za mbao likidhibitiwa na kamba. Kasiki ndogo ya kawaida ni galoni 9, painti 72, hiyo huiteremshi kwa ngazi kichwakichwa. Mbele ya pabu ukitazama chini badala ya juu utaona hayo yote.

Mwaka 1830 serikali ikapitisha sheria kwamba mlipa kodi yeyote wa eneo anaweza kulipia gini mbili, hela ya wakati ule, na kufungua nyumba ya bia bila kumuomba hakimu. Lengo lilikuwa kuwatoa watu kwenye pombe kali ya jini (gin) iliyokuwa inawamaliza. Nyumba za bia zikafunguliwa kwa maelfu, kwenye sebule, kwenye maduka, kwenye kona za mitaa ya wafanyakazi, na pabu nyingi za kona unazoziona leo asili yake ni hapo. Wenye leseni za zamani wakabanwa na ushindani, nao wakajibu kwa kujenga kwa fahari: nguzo za chuma cha kuyeyusha kubeba ghorofa ili chini pafunguke, madirisha makubwa ya vioo, taa za gesi, na ukuta mzima wa vioo vya kujitazamia nyuma ya kaunta ili kila taa ionekane mbili. Kodi ya vioo ilifutwa 1845, na bila hilo sidhani kama tungekuwa na vile vioo vilivyochorwa kwa asidi vyenye maua na majina ya vyumba.

Na hivyo vyumba ndo jibu la milango mingi. Pabu ya mjini ya miaka ya 1880 au 1890 ilikuwa kaunta moja katikati, mara nyingi ya umbo la kwato ya farasi, halafu imezungukwa na vijichumba vilivyogawanywa kwa mbao na vioo, kila kimoja na mlango wake wa mtaani. Kulikuwa na baa ya wafanyakazi, sakafu ya mbao tupu na bia ya bei nafuu. Kulikuwa na saluni, siyo ya nywele, ni baa ya wenye nazo, zulia na viti vya kukalia vizuri, bia ileile kwa bei ya juu. Kulikuwa na kijichumba cha faragha ambacho wanawake waliweza kukaa bila kutazamwa, na kulikuwa na kijidirisha cha kununua bia ya kwenda nayo nyumbani, ambako watoto walikuwa wanatumwa na jagi mpaka sheria ya 1901 ikakataza kuwauzia walio chini ya miaka 14 isipokuwa kwenye chombo kilichofungwa na kutiwa lakiri. Mwenye pabu akiwa katikati anahudumia wote bila wao kuonana, ni mfumo wa kitabaka umejengwa kwa mbao, na baamedi anauzungukia siku nzima.

Ukienda The Lamb, mtaa wa Lamb's Conduit, London, bado utaona juu ya kaunta safu ya vioo vidogo vya kuzungusha, usawa wa uso. Mteja wa heshima alikuwa anakifungua, anaagiza, anakifunga, mhudumu anaona mikono na kinywaji ila sura haioni. Na pale Prince Alfred, Maida Vale, vigawanyo vyenyewe vimebaki, na kila kigawanyo kina kijilango kifupi chini mpaka ujikunje ndo upite.

Miaka ya 1890 viwanda vya bia vilikuwa vinanunua pabu kwa pupa ili ziuze bia yao tu, hela ikamwagika, na matunda yake makubwa kuliko yote kwangu mimi ni Philharmonic Dining Rooms ya Liverpool, iliyojengwa kati ya 1898 na 1900 hivi, mchora ramani Walter W. Thomas, mwenye hela Robert Cain wa kiwanda cha bia. Geti la chuma na shaba limesukwa kama mmea, ndani ni mbao za mahogani, vigae vya rangi sakafuni, picha za shaba ukutani, na choo cha wanaume ni cha marumaru ya waridi mpaka wageni wa kike huomba ruhusa waingie kukiona. Mwaka 2020 ilipandishwa kuwa Grade I, daraja la juu kabisa la ulinzi wa majengo Uingereza.

Kuvunjwa kwa vijichumba nako kulianza kwa sheria. Mahakimu walivichukia kwa sababu mwenye pabu haoni kinachoendelea, na sheria ya 1902 ikawapa nguvu ya kudai ramani na kuamua mabadiliko ya jengo. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia viwanda vikaja na pabu kubwa za wazi zenye bustani na sehemu za kula, nyingi zikiigiza miaka ya 1500, kama Black Horse ya Northfield, Birmingham, ya 1929, kazi safi kabisa ya ufundi. Ila kwa zile za kawaida, mbao za kuiga utazitambua: ni bapa, zimenyooka, nafasi zinalingana, zimepigiliwa juu ya tofali. Na ile nyeusi na nyeupe kali kwa sehemu kubwa ni fasheni ya karne ya 19, mwaloni wa zamani mara nyingi uliachwa na rangi yake au ukapakwa chokaa wote.

Halafu ikaja miaka ya 1960 na 1970, vigawanyo vikang'olewa nchi nzima ili pabu iwe ukumbi mmoja. Hapo ndo palipoharibika zaidi kuliko hata mabomu ya Vita ya Pili ya Dunia, kwa maoni yangu, kwasababu ukuta wa nje ukibaki na ndani pakafutwa unabaki na sanduku. Princess Louise ya Holborn ni moja ya chache zilizorudi, vigawanyo vyake vilijengwa upya kwa ustadi 2007 na 2008, na sasa unaweza kukaa ndani ya kijichumba ukaelewa kwa mwili wako kile ambacho makala haiwezi kueleza.

Kuhusu ulinzi, watu wanadhani jengo likisajiliwa kwenye orodha ya majengo yanayolindwa ni uso wa nje tu unaolindwa. Si kweli, na ndani pia, kaunta, ngazi, dari, huwezi kung'oa bila kibali. Tatizo ni lile ambalo bado halijasajiliwa. Carlton Tavern, Maida Vale, ya 1920 na 1921, ilibomolewa Aprili 2015 bila kibali wakati usajili wake ukiwa bado unafikiriwa. Wakazi walikuwa wameshashtuka mapema wakaomba litazamwe, kwahiyo picha na vipimo vilikuwa vimeshachukuliwa, na Halmashauri ya Westminster ikaamuru lijengwe tena tofali kwa tofali kama lilivyokuwa. Wenye jengo walikata rufaa wakashindwa. Pabu ilifunguliwa Aprili 2021, na iliwezekana kwa sababu kuna watu walipeleka maombi kabla tingatinga halijafika.